Siku Nilizompa Mjukuu Wangu Maji ya Mwarubaini

Kwetu watu hawahesabiwi, kwa hiyo sitasema tulikuwa wangapi siku karatasi ilipoandikwa. Nitawataja jinsi walivyoketi.

Kwenye kochi refu alikuwa kijana wangu wa tatu, karani katika ofisi za serikali hapa kwetu Siakago, Mbeere, pamoja na mke wake, fundi wa kushona sare za shule, ambaye tulimtoa Kianjai, huko Tigania. Karibu na mlango alikuwa mama ya huyo mkwe wangu, aliyesafiri kutoka kwao Tigania na mkungu wa ndizi, kwa sababu anaamini huku kwetu chini hakuoti kitu. Kwenye kiti cha marehemu mume wangu alikaa mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ndiye anayesemea ukoo siku hizi. Nesi alikataa kochi, akachukua kigoda. Yeye ni wa tiba shufaa, ile huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na kukaa na watu wake hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nimenyoosha miguu, maana goti langu la kushoto na makochi hawapatani. Na mjukuu wangu alikuwa ameegemea bega langu.

Alikuwa na miaka kumi. Mguu wake wa kulia ulikatwa Nairobi, juu ya goti, kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tulidhani tumeuacha ugonjwa huko pamoja na mguu, lakini madaktari walimpiga picha tena wakaona umeingia mapafuni. Wakasema dawa za kuuondoa zimefika mwisho.

Majina ya hao wote ninayo, hata la dereva aliyemleta nesi. Siyaandiki kwa sababu jina la mjukuu ni langu. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Ndiyo maana kijana wangu hakuwahi kumwita mtoto wake kwa jina. Alimwita "mama", kama anavyoniita mimi. Akisimama uani akiita "Mama!", tulikuwa tunaitika wawili, halafu mtoto anasema, "Ni yupi unataka, mwenye miguu miwili au mwenye mmoja?" Mimi nilimwita mwenzangu. Yeye aliniita cucu, yaani bibi, na siku akitaka kunichokoza alisema, "Mwenzangu, sisi wawili tuna miguu mitatu, na mmoja wa hiyo ni mbovu."

Ninaandika kwa Kiswahili, hiki nilichokiokota sokoni na kanisani baada ya darasa la tatu, ili watu wa Kianjai wasome na wa huku wasome. Mkwe wangu ndiye aliyenipa daftari. Alisema, "Mama, andika vile ilikuwa, usijifiche." Basi.

Siku hiyo nesi alitoa karatasi akasema, "Sikuja kuongea mambo ya kufa. Nimekuja kumuuliza huyu anataka siku zake ziwe vipi, na nyinyi mnisikilizie."

Mdogo wa mume wangu alikohoa kile kikohozi chake cha mikutano. "Sista, kwetu maneno ya mwisho huachwa na mzee. Yanaitwa kirumi, na hayavunjwi. Sasa mtoto wa miaka kumi aache kirumi? Atamwachia nani? Kuku?"

"Ndiyo, guka," mtoto akamjibu babu yake huyo. "Kuku ndiye wa kwanza."

Tulicheka, hata yeye mzee akacheka. Mtoto hakucheka. Alimwambia nesi, "Andika. Kuku wangu wa madoa asichinjwe. Watu wakija wengi kunizika, wachinje wengine."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anakufa. Tulikuwa tumemficha tangu tutoke Nairobi, tukinong'ona nyuma ya choo kama wezi. Kijana wangu alitoka nje na tukamsikia akipenga kamasi. Mama wa Kianjai alijifunika uso kwa leso. Nesi aliandika kuku wa madoa, pole pole, kama mtu anayeandika jambo la serikali, kisha akauliza, "La pili?"

La pili, asirudishwe wodini kuchomwa sindano kifuani. La tatu, alale jikoni kwangu, si kwa nyumba kubwa ya mabati inayopiga kelele za joto mchana. Hapo shemeji yangu aliinuka. Alisema wazee wa zamani mgonjwa akizidiwa walimtoa nje, hawakuacha mtu akatie roho karibu na moto wa kupikia, na jiko likishaingiwa na kifo ni nani atakula humo? Mama wa Kianjai akafunua uso. "Baba, zamani pia mlivaa ngozi. Wewe hiyo koti umetoa wapi?" Nesi alisema jambo lake yeye ni moshi, kifua hakitaki moshi. Wakapatana na mtoto kwamba moto uhamishiwe kwa mama yake, na jikoni abaki yeye na mimi na mawe matatu ya baridi.

La nne ndilo lililonifunga mimi. Alisema, "Dawa isichelewe. Ikichelewa maumivu yanafika kwanza, halafu dawa inanipata nimechoka."

Baba na mama yake walitia sahihi. Nesi akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ningeshinda naye wao wakiwa kazini, akaniuliza kama nakubali. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu kama nilivyofundishwa darasa la pili. Nilipoinua mkono nikaona jina lile lile liko juu ya karatasi, kwa mwandiko wa nesi, mahali pa mgonjwa. Juu mimi, chini mimi.

Halafu akatoa chupa.

Ilikuwa dawa ya maji, rangi ya kijani, na mara moja niliijua. Mume wangu alipougua tumbo, miaka iliyopita, alilala hospitali nyingine wiki tatu bila kupewa dawa ya maana ya maumivu. Siku moja asubuhi daktari mpya akaja, akaagiza dawa ya kijani. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe akanywa. Alitulia. Aliniambia nimletee viazi vitamu. Nilipotoka kutafuta viazi na kurudi, walikuwa wamemfunika.

Kwa hiyo nesi alipoinua ile chupa na kusema inaitwa mofini, mimi nilikuwa nimeshaipa jina jingine kichwani: dawa ya kumalizia. Nikajiambia, kumbe ndiyo hii karatasi. Wameona mtoto hana faida tena, wakatuandikisha ili tumnyweshe wenyewe. Na wa kumnywesha mchana ni mimi, mwenye jina lake.

Ningeuliza. Nesi alikuwa hapo hapo, na alisema mara mbili, "Kuna swali?" Lakini mkwe wangu alikuwa ananitazama, na mama yake, na mimi ndiye mwenye boma. Mama wa boma haonyeshi ujinga mbele ya wakwe. Nikatingisha kichwa kwamba hakuna.

Alinifundisha vizuri, sitamsingizia. Alichukua sirinji isiyo na sindano, akaizungushia plasta kwenye mstari wa kipimo changu, kwa sababu namba zile ndogo macho yangu hayazioni. Dawa hadi kwenye plasta, saa nne na saa nane. Saa kumi na mbili asubuhi na jioni angepewa na wazazi, na saa nne ya kulala wangempa mara mbili ili apitishe usiku. Na nyingine ya kulainisha choo, maana ile ya kijani inafunga tumbo.

Wiki ya kwanza nilimpa. Nataka hilo lijulikane. Kila mara nilikaa nikimtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Kilikuwa kinapanda. Alicheza karata na mama wa Kianjai, akamfunga, wakatukanana. "Wewe bibi wa Kianjai, umezoea kudanganya watu sokoni!" "Na wewe wa Mbeere, mguu mmoja lakini mikono ya wizi unayo miwili!" Alikula. Kuku wa madoa alilala kwenye kapu karibu na kitanda.

Halafu siku moja baada ya dawa ya saa nne alilala sana. Nilimwita hakuitika. Nilimtikisa, akafungua macho, akasema, "Cucu, acha nilale kidogo," akafumba tena. Sasa najua alikuwa analipa usingizi wa miezi. Lakini nilichoona mimi ni mume wangu na viazi.

Siku hiyo saa nane sikumpa.

Nyuma ya jiko kuna mwarubaini. Nilichuma majani, nikayachemsha kwa mama yake, nikachuja. Yalitoa maji machungu, na ya kijani kidogo. Nikavuta kwenye sirinji hadi kwenye plasta kama nilivyofundishwa. Akanywa. Akakunja uso, akanitazama. Nikamwambia, "Dawa chungu ndiyo dawa."

Dawa yenyewe niliiacha ndani ya chupa. Kuimwaga niliona ni dhambi.

Siku tatu nilifanya hivyo, saa nne na saa nane. Usiku, wazazi wake wakimpa ile ya kweli, alilala. Asubuhi aliamka vizuri. Kuanzia saa tano hivi maumivu yanaanza. Sitaki kuyaeleza sana. Aliuma pindo la blanketi mpaka likatoboka, na hiyo blanketi ninayo, naweza kukuonyesha tundu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Aliniambia nimtoe kuku, kwa sababu hata kutingishika kwa kapu kulimuuma kwenye mguu ule usiokuwepo. Mimi nilimpepea, nikaimba nyimbo za kanisani, nikamsugua mgongo, nikamwomba Mungu amwondolee maumivu. Chupa ikiwa kwenye rafu juu ya kichwa changu. Fikiria mtu anaomba mvua na amekalia mtungi.

Nilijiambia maumivu ni dalili kwamba yuko hai. Nilijiambia hivyo kwa kweli.

Mkwe wangu alimpigia nesi simu kwamba mchana mtoto amezidiwa, dawa haifanyi kazi, aongeze. Nesi akasema, "Siongezi kabla sijaona." Kesho yake akaja.

Walikusanyika jikoni kwangu. Kijana wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini, mkwe wangu amekuja na futi ya kupimia bado shingoni, shemeji yangu amesimama mlangoni kwa sababu alikuwa amekataa kuingia. Mama wa Kianjai alikuwa ameshika miguu ya mtoto, yaani mguu. Nesi alimpima, akamuuliza maswali kwa sauti ndogo, kisha akanyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama. Akafungua daftari lake akapiga hesabu, akaitazama tena.

"Hii chupa imejaa kuliko inavyotakiwa," akasema. "Kuna dawa haijanywewa."

Hakuna aliyeniangalia. Hicho ndicho kilikuwa kibaya. Wote walijua ni nani anatoa dawa mchana, na kila mmoja akatafuta mahali pengine pa kuweka macho, kwa heshima. Kijana hawezi kumuuliza mama yake jambo kama hilo.

Mkwe wangu akasema, "Labda ni mimi. Labda za usiku nilipima kidogo."

"Labda!" shemeji yangu akaruka pale mlangoni. "Mtoto anaumwa na wewe uko mjini na cherehani yako! Nilisema. Mtu wa mbali hajui uchungu wa nyumba."

"Mbali ni Kianjai?" mama yake akasema. "Baba, chunga mdomo wako."

"Si mama," mtoto akasema.

Alikuwa amefumba macho.

"Ni mimi. Cucu akinipa natema. Akigeuka natema kwa blanketi halafu anairudisha—" Akaishiwa na pumzi. Uongo wenyewe haukuwa na kichwa. Dawa iliyotemwa hairudi kwenye chupa. Lakini alikuwa anautengeneza akiwa na maumivu hayo hayo niliyompa mimi, ili mimi nisiaibike mbele ya wakwe.

Nikasema, "Anadanganya. Nilikuwa nampa mwarubaini."

Nikasema yote. Sijui nilisema kwa lugha gani. Mkwe wangu anasema nilichanganya Kimbeere na Kiswahili na kulia. Nikawaambia kuhusu mume wangu, na viazi, na jina langu juu na chini ya karatasi. Kijana wangu aliketi chini kwenye vumbi, na shati lake la kazi.

Nesi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Mama, mzee hakuuawa na dawa. Alikuwa tayari njiani, dawa ikamkuta huko. Waliichelewesha wiki tatu." Halafu akasema, "Na kosa moja ni langu. Niliuliza kama kuna swali mbele ya watu wote. Ningekuuliza tukiwa wawili."

Akanipa sirinji. "Mpe wewe."

Niliitia kwenye chupa nikaishia hapo. Mkwe wangu akaja akaniwekea mkono wake chini ya wangu, tukavuta pamoja hadi kwenye plasta. Mtoto akanywa. Tulingoja, labda nusu saa. Kwanza mabega yalishuka. Kisha vidole viliachia blanketi. Kisha akasema, "Mrudisheni kuku."

Walipotoka kumsindikiza nesi nilimuuliza, "Mwenzangu, ulijua?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ile ya kweli ni chungu kwa nyuma ya ulimi. Yako ilikuwa chungu kila mahali." Akafikiri. "Nilidhani dawa imeisha na hutaki nijue. Kama vile mlivyokuwa mkininong'onea nyuma ya choo. Nikaona nikikuambia utaona haya."

Tulimfundisha hivyo sisi wenyewe. Tulimficha jambo la kifo chake, naye akajifunza kwamba nyumba hii inapendana kwa kufichana. Nilimwomba msamaha. Nilitemea mate kidogo kwenye kifua chake, jinsi tunavyobariki. Akasema, "Ebu, cucu, umenukia ugoro," akalala.

Baada ya hapo dawa haikuchelewa hata mara moja. Nilinunuliwa saa kubwa ya ukutani, na nikawa nasimama chini yake kama askari. Aliishi majuma mengine matano. Hayakuwa rahisi yote, kifua kilianza kujaa, na kuna siku alinichukia, akanitupia kikombe. Lakini mchana alicheza karata, na mkungu mwingine wa ndizi ulikuja kutoka Tigania, akaula.

Asubuhi ile pumzi ilibadilika kabla ya saa nne. Shemeji yangu alikuwa amepita kutusalimia; alimwona, akatoa simu aite gari limpeleke hospitali. Nikamwambia, "Karatasi inasema hapana."

"Mama ya watu, mtoto anakufa!"

"Najua. Ingia ukae."

Aliingia. Mara ya kwanza tangu tuhamishe moto, aliingia akakaa juu ya jiwe moja la yale matatu, akamshika mtoto kidole cha mkono. Mkwe wangu alikuwepo, mama yake pia, kijana wangu alifika mbio kutoka ofisini. Akamwita "Mama, mama," na safari hii nilijua ni yupi anamtaka, nikanyamaza. Saa nne ilipofika nilisimama nikavuta dawa hadi kwenye plasta. Nilipogeuka nesi hakuwepo wa kunieleza, lakini niliona. Niliirudisha sirinji juu ya rafu ikiwa imejaa.

Watu walikuja wengi. Walichinja wengine. Kuku wa madoa bado yupo, amezeeka, hatagi, anapita kati ya miguu yetu kama mwenye boma. Moto nimeurudisha jikoni, na shemeji yangu hula humo.

Nimeandika nilivyokumbuka. Waliokuwepo wamesoma, na mama wa Kianjai anasema ndizi zilikuwa mikungu miwili siku ya kwanza, hilo namwachia. Lakini kuna jambo moja hatujapatana. Mimi nimeandika siku tatu za mwarubaini. Mkwe wangu anasema, kwa upole, kwamba ni nne, kwa sababu alikuwa anashona sare za kufungua shule na anakumbuka alikatiza mara ngapi kwenda kupiga simu. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa mahindi, napata tatu. Wewe uliyekuwa karibu, nesi, jirani, au dereva uliyengoja chini ya kivuli cha paa, kama unajua ni nne, usinihurumie. Njoo uniambie. Nilimwomba msamaha wa siku tatu tu.